Tatu, zimebaki siku 22

Columbus, 27 Januari 2026

Shoga yangu Tatu,

Asalaam aleykum. Natumai hapo Houston mnaendelea vizuri, weye na baba watoto na wale watundu wawili. Mie huku sijambo, namshukuru Mungu.

Ah, hebu hiyo sentensi ya mwisho ifute. Sijambo wapi. Mwaka huu hakuna neno lililonitia hasara kama hilo, utaona huko mbele.

Najua tangu Desemba unapiga simu sipokei. Meseji zako za sauti nimezisikiliza zote, hata ile uliyoniimbia kama mtoto, na sikujibu hata moja. Usidhani ni yale ya upatu, yale yaliisha, Mama Nasra alinishikia zamu yangu na tumeelewana. Nilikuwa naona haya tu. Wamenikatalia Tatu. Disabiliti, yale malipo ya serikali kwa aliyeshindwa kazi kwa maradhi, wamenikatalia. Miezi minane nasubiri, kila siku nachungulia sanduku la barua kama mtu anayengoja posa, halafu inakuja barua ya tarehe 15 Desemba. Salim akanisomea pale mezani, alipofika katikati akanyamaza, nikamwambia soma, akasema mama hiki ni kizungu kirefu tu. Kizungu kirefu gani, mie miaka 19 nasoma mafaili ya wagonjwa! Nikamnyang'anya.

Yaani wanakubali mgongo unauma. Wanakubali nilipasuliwa na skrubu zimo ndani. Wanakubali hata kazi yangu ya kulea wazee siwezi kuirudia. Eti lakini zipo kazi nyingine nyepesi naziweza. Nikaikunja ile barua nikaiweka chini ya kikapu cha mikate na wiki tatu nzima sikumwambia mtu, Salim nikamkataza hata kuitaja.

Sasa nina wakili, nitakwambia nimempataje, ndo kalitoa faili lote, na humo ndani imeandikwa wazi: huyu mama anaweza kusimama na kutembea saa 6 katika siku ya kazi ya saa 8, na anaweza kunyanyua paundi 20 mara mojamoja. Paundi 20! Nyumbani si wanatuita wabeba boksi, basi sasa nina hati ya serikali.

Paundi 20 ni kilo tisa na kidogo, ukisema kwa mdomo ni kama si kitu. Sie Tanga tulikuwa tunabeba ndoo ya lita 20 kichwani toka bombani na stori juu. Kwa hiyo usiku mmoja Salim yuko shifti, nikasema ngoja, labda hawa watu wanajua kitu ambacho mie sikijui. Kulikuwa na mfuko wa basmati pale mlangoni aliununua juzi yake, na umeandikwa hivohivo, paundi 20. Nikausogelea. Nikakunja magoti, mgongo wima, mzigo karibu na kifua, kama nilivyokuwa nawafundisha wale wasichana wapya kazini, nikaushika masikio yake mawili nikasema bismillah. Ukatoka chini, wallahi ukatoka. Ukafika usawa wa magoti na mguu wa kushoto ukazima, we unaujua unavyozima, kama mtu kabonyeza swichi. Nikakaa chini puu, mfuko ukachanika kwenye uzi, mchele huo mpaka chini ya friji. Saa tatu usiku hiyo. Simu iko chumbani. Salim anarudi saa sita na nusu. Basi nikawa nimekaa sakafuni nazoa ule mchele punje kwa punje, halafu nikaanza kuuchambua, mchele wa Marekani usio hata na jiwe moja, nauchambua kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya na kuinuka siwezi. Mtoto aliponikuta kacheka kwanza. Alipoona sinyanyuki akaacha kucheka.

Sasa nikwambie hiyo "sijambo" imeingiaje. Kabla hawajaamua walinipeleka kwa daktari wao, si yule wangu anayenijua. Mie na akili zangu za Kitanga naenda kwa daktari, nimeoga, nimevaa lile dera la bluu ulilonishonea, mtandio umekaa, kidogo nikajipaka na wanja. Kaingia, kaniuliza "how are you today?" Nami nikajibu nini? I'm fine, thank you, and you? Tatu, ungejibu nini weye? Mtu anakusalimia unaanza kumtajia maradhi? Sie hata maiti ingeulizwa hali ingesema nzuri. Bibi yangu alikuwa hoi kitandani, ukimwamkia anakwambia marahaba, wazima kabisa, ila nakufa. Angalau yeye aliweka hiyo "ila", mie hata hiyo sikuiweka. Akaniambia tembea kwa visigino, tembea kwa vidole, inama, nikajikaza meno, nikainama mpaka pale nilipoweza, robo saa tumemaliza. Kwenye ripoti kaandika mgonjwa anasema hajambo, nadhifu, haonekani kuwa na maumivu. Lile dera Tatu! Nimelitazama kabatini kama adui.

Na fomu nayo. Ile fomu ndefu inayouliza siku yako inakwendaje toka unapoamka. Nimeijaza mwenyewe kwa mkono wangu na kwa sifa zote. Unapika? Napika. Unafua? Nafua. Unaenda wapi? Msikitini kila Ijumaa, nasali swala tano. Sikuandika kwamba nasali kwenye kiti tangu 2023 na sijui tena ukisujudu zulia linanukiaje. Sikuandika kwamba "napika" maana yake Salim kashakata kila kitu, mie nimeegemea sinki nakoroga dakika tano halafu nakwenda kulala. Niliandika kama mtu anayeomba kazi. Wakili kaisoma, kavua miwani, kaniuliza mama, nani kakujazia hii? Nikamwambia rafiki yangu mmoja.

Mwanzoni nilishaamua kuacha. Mama Nasra aliniambia usihangaike na rufaa, omba upya, yeye shemeji yake aliomba upya. Kaka Bakari kutoka Tanga yeye hata hajui kama siko kazini, bado anaulizia hela ya mabati, na mie namjibu mwezi ujao inshallah, mwaka wa pili huu. Na maneno ya watu humu unayajua, mtu akila disabiliti ni mvivu, anaishi kwa mgongo wa serikali. Mgongo wa serikali! Wangu je ulioishiwa? Halafu lile neno lenyewe. Mlemavu. Nilikuwa naliandika na kulifuta. Mlemavu kwangu mie alikuwa yule baba wa baiskeli ya mkono pale stendi, si mtu aliyekuwa anageuza wazee kumi na mbili usiku mmoja. Hata sasa sijalizoea, nikilisema naangalia nyuma kama kuna anayenisikia.

Kilichonigeuza ni boksi. Nilikuwa natafuta kadi ya chanjo ya Salim, nikakuta lile boksi la viatu lenye karatasi zangu za mishahara, za tangu 2005. Nikazimwaga kitandani. Kila moja, FICA, yale makato ya hifadhi ya jamii, FICA, FICA. Wamekata kila mshahara, za usiku, za sikukuu, zile shifti mbilimbili tulizokuwa tunapiga weye na mie tukila ugali kwenye gari. Nikasema hii si sadaka jamani. Huu ni upatu. Nimeweka miaka 19 bila kukosa hata mzunguko mmoja, leo zamu yangu imefika kijumbe ananiambia mbona unaonekana mzima?

Kesho yake asubuhi nikampigia wakili, namba alinipa imamu. Kwa kifupi, kuomba upya ni kupoteza. Ukikata rufaa tarehe yako ya kwanza ya maombi inabaki, ukianza upya umeanza upya, na wao wanaona karatasi zilezile. Siku ni 60 toka uipate barua, wanahesabu kwamba umeipata siku tano baada ya tarehe yake, kwa hiyo mie mwisho wangu ni 18 Februari. Na angalia, ndo siku zenyewe za mwezi kuandama. Nimeshapoteza 38, nyingi chini ya kikapu cha mikate, zimebaki 22. Kwanza linapitiwa faili na mtu mwingine, si yule wa mwanzo, na hapo wengi wanakataliwa tena, kaniambia mapema nisije nikazimia. Baada ya hapo ndo naomba kusikilizwa na jaji, na kwa jaji naongea kwa mdomo wangu. Wakili akishindwa halipwi ada, akishinda anachukua asilimia 25 ya malimbikizo, na kwa mkataba tuliotia saini haivuki dola 9,200. Nikamwambia baba chukua, kwani sasa hivi nina ngapi.

Lakini kuna kitu alinieleza sikulala. Kwa umri wangu huu wa 52, na kazi niliyofanya, na kwa vile ule ujuzi wa kugeuza wagonjwa huwezi kuuhamishia kwenye kazi ya kukaa, kesi yangu yote iko kati ya paundi 10 na paundi 20. Faili likisema kazi ninayoiweza ni ya kukaa tu, kubeba mwisho paundi 10, sheria yao yenyewe inanihesabu siwezi kazi. Likisema 20 na kusimama saa 6, nimekosa. Ni huo mfuko wa mchele Tatu. Nusu yake ndo nyumba yangu, ndo bili ya dawa, ndo Salim arudi chuo.

Sasa ndo nimefika nilipokuwa naogopa kufika.

Wakili anataka shahidi. Daktari wangu ataandika yake, lakini anataka pia mtu aliyelala nyumba moja na mie akaona kwa macho, asiwe mwanangu peke yake. Zile siku tisa za Februari mwaka jana ulipokuja. Unakumbuka nilikuapisha. Ulishika msahafu, nikakwambia hata mumeo usimwambie. Na hukusema, najua hukusema, kwa sababu wifi yako bado ananiita supawumani. Sasa mie mwenyewe nakufungulia kiapo. Andika. Andika ulivyokuwa unanivisha soksi umepiga magoti na mie nimeangalia ukutani. Andika habari ya bafuni, ile siku ya pili, ulivyoniosha, na nilivyokuwa nakwambia toka na wewe hutoki. Andika kwamba tulikwenda dukani nikashindwa kufika hata kwenye maziwa nikakaa juu ya maboksi ya maji, na yule kijana akaniuliza kama nimelewa. Usinipambe. Usiweke "lakini ni mwanamke jasiri sana", nakujua unapenda kuweka mapambo. Andika kwa Kiswahili kama kiingereza kitakufanya ulainishe mambo, Salim atatafsiri... ingawa hapo napo, mtoto wa kiume asome habari za bafuni. Basi labda Nasra. Sijui. Tutaona.

Nimeanza na mie kuandika daftari, wakili kasema kila siku niandike nilichoshindwa. Jana: nimeshindwa kuokota kijiko. Nimekitazama tu pale chini, nikachukua kingine. Leo hii barua nimeiandika kwa vipande vitatu, kimoja nimekaa, kimoja nimelala, hiki cha sasa nimesimama nimeegemea mashine ya kufulia, ndo maana inarukaruka.

Haya niambie. Utaweza kuniletea kabla ya tarehe 10 ili wakili apate kuisoma? Tarehe ulizokuja unazikumbuka vizuri, au tiketi yako bado iko kwenye imeili? Mumeo atakuelewa ukimwambia kwamba ulimficha, au nimpigie mie nimwombe radhi? Na wewe mwenyewe huo mkono unaousugua kila ukiongea kwenye video ni nini, umeonyesha daktari au na weye uko "fine"? Bado unapiga shifti mbili? Na hebu niambie kweli, siku ile bafuni, ulipotoka ukakaa jikoni muda mrefu ukisema unapika chai na chai haikuja, ulikuwa unalia?

Nipigie usiku baada ya isha. Safari hii napokea.

Shoga yako,
Mama Salim