Jumapili tunatengeneza dishi la mwamvuli

Habari za jioni wanagrupu, poleni na majukumu. Mpango umebadilika kidogo, lile dishi la fremu ya mbao tunaliahirisha, Jumapili hii tunafanya la mwamvuli, yaani mwamvuli wa kubandikwa foili ili unase setilaiti, maana wengi mmeliomba.

Saa 4 asubuhi kwangu Tabata, mchango 5,000 kabla ya Ijumaa jioni ya foili, gundi na nyaya.

1. Mwenye mwamvuli mkubwa wa zamani aje nao
2. Mwenye LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ya Ku (bendi ya setilaiti ya mawimbi mafupi) au mita ya signo ya kupima nguvu ya mawimbi aniambie
3. Wavu wa kuku msilete jamani, matundu makubwa, mawimbi ya Ku ni kama sentimita 2.5 tu yanapita humo, labda C band yenye mawimbi marefu zaidi ndo ingesaidia kidogo, wa dirishani wa chuma ndo unafaa

Pa kufunga LNB tutapima wenyewe, upana mara upana gawanya kwa kina mara 16, yaani mwamvuli wa sentimita 100 wenye kina 25 LNB inakaa sentimita 25 toka katikati. Na foili msiielekeze juani, mimi ilishanichomea LNB.

Nani anakuja? Andika NIPO hapa kabla ya kesho usiku nijue idadi, nawasubiri sana.