Diwani aliyetoka hospitali aachiwe kazi ya udiwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo tunaloliona katika kata yetu, hapa mkoani Mtwara, tangu diwani wetu aliporuhusiwa kutoka hospitali aliyokuwa amelazwa jijini Dar es Salaam na kurejea kazini. Tumefurahi kumwona, na waliomwombea dua misikitini na makanisani wana kila sababu ya kushukuru. Hata hivyo, namna tunavyompokea inanitia wasiwasi, kwa kuwa baraza ya nyumba yake hujaa watu tangu asubuhi, na wengi wao hawakwenda kumjulia hali.

Yupo anayemfuata kwa sababu ya mpaka wa shamba la mikorosho, yupo anayetaka barua ya utambulisho, yupo anayelalamikia makato ya malipo yake katika chama cha msingi, na wapo wanaomwomba mchango wa msiba au nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya rufaa. Mwenyewe alitueleza, aliposimama kutushukuru, kwamba bado anahudhuria kliniki na kwamba ameshauriwa aanze kazi kidogo kidogo. Tulimpigia makofi, na kesho yake tukaenda kumgongea mlango.

Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo si wake. Mgogoro wa shamba unapaswa kuanzia katika Baraza la Ardhi la Kijiji, na ukishindikana upelekwe Baraza la Kata, kwa kuwa mabaraza hayo yamewekwa kisheria kwa ajili ya usuluhishi na diwani hana mamlaka ya kumpa mtu shamba wala kumnyang'anya. Barua ya utambulisho huandikwa na ofisi ya kijiji au ya kata. Malipo ya korosho yana bodi ya chama cha msingi, ambayo wanachama wenyewe waliichagua, na juu yake kuna chama kikuu cha ushirika na ofisi ya ushirika ya wilaya. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyofuatilia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vina Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye ameajiriwa kwa kazi hiyo. Naelewa kwa nini watu hupita milango hiyo yote bila kubisha: mara nyingi wanakuta imefungwa, au wanaambiwa warudi wiki ijayo, ilhali diwani ni jirani na hawezi kumfukuza mtu barazani kwake. Lakini uzembe wa ofisi hauwezi kuponywa kwa kumchosha mgonjwa.

Kazi ambayo hakuna mwingine wa kumfanyia ni ile ya vikao. Yeye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na yeye ndiye sauti yetu katika Baraza la Madiwani, ambalo hufanya mkutano wake wa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Baraza lina mwenyekiti na makamu wake, lakini diwani wa kata hana naibu. Akikosekana siku ya kupitisha bajeti, kiti cha kata yetu kinakuwa kitupu na hoja ya zahanati yetu au ya kisima chetu inabaki bila mtu wa kuisimamia. Kwa hiyo nguvu alizonazo sasa, ambazo bado ni chache, ni heri azitumie kusoma makabrasha ya kikao kuliko kupima mipaka ya mashamba juani.

Jambo jingine ni ukimya uliokuwapo alipokuwa amelazwa. Hatukupewa taarifa yoyote rasmi, na kwa sababu hiyo vijiwe vilijaza pengo: wengine walisema amejiuzulu, wengine wakamzushia kifo, na familia yake ikaumia. Sidai kwamba maradhi ya mtu yatangazwe, kwani hiyo ni siri yake na daktari wake. Ila Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, Ikulu iliwaarifu wananchi, na aliporudi nchini yeye mwenyewe alilieleza jambo hilo hadharani na kuwahimiza wanaume wapime. Ikiwa taarifa iliwezekana kwa kiongozi wa nchi, kwa diwani ingetosha karatasi moja kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, yenye kusema kwamba yuko katika matibabu na nani aonwe kwa shida ipi.

Karatasi hiyo bado inahitajika leo. Namwomba mtendaji wa kata aibandike, ikitaja siku na saa ambazo diwani atapokea watu ofisini, badala ya nyumbani, na ikielekeza kila shida kwenye ofisi yake. Nawaomba pia wenyeviti wa vijiji, ambao ni wajumbe wa kamati anayoiongoza, walisome tangazo hilo katika mikutano ya vijiji vyao na wawe wa kwanza kupokea malalamiko ya watu wao hadi diwani atakapomaliza kliniki.

Mkazi wa kata,
Mkoa wa Mtwara