Umeongeza RAM, mashine ikagoma? Usituanzie sisi

Wiki iliyopita mteja aliingia dukani amekumbatia kesi (kasha) ya kompyuta yake, hata salamu hakungoja, akasema tumemwibia. Tulimfungia prosesa, ubongo wa kompyuta, ya Ryzen mfululizo wa 7000, na RAM mbili za DDR5 (kizazi cha tano cha RAM za DDR), jumla gigabaiti 32. Ikafanya kazi miezi kadhaa bila neno. Halafu akaokota RAM nyingine mbili kwa bei ya kutupa mtaa wa pili, akazichomeka mwenyewe. Sasa mara kioo cheusi, mara inawaka na kukwama katikati ya kuhariri video.

Nikachomoa za kwake, zetu nikaziacha kwenye sloti (tundu la RAM) ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Nikawasha, nikamwambia atulie. DDR5 ikiguswa, prosesa hujipima nayo upya, na kioo kinaweza kukaa cheusi dakika kadhaa. Wengi huzima hapo hapo wakidhani imekufa. Ikawaka.

Mazabodi, bodi kuu, watu huilaumu bure. Zamani kidhibiti cha kumbukumbu, yaani cha RAM, kilikaa kwenye chipu yake hapo kwenye bodi. AMD, watengenezaji wa Ryzen, wakakiingiza ndani ya prosesa kwa Athlon 64 mwaka 2003, Intel wakafanya hivyo kwa Core i7 mwaka 2008. Kasi ikapanda, ila tangu hapo prosesa ndiyo inayochagua RAM. Ryzen 7000 haiitambui DDR4 kabisa. Intel ya kizazi cha 12 inazikubali zote, lakini bodi huja na sloti za aina moja, na mkato wa chini wa RAM ya DDR4 hauingii kwenye DDR5. Tumewahi kuletewa sloti iliyopasuliwa kwa kulazimisha.

Sasa, prosesa hizi zina chaneli mbili tu, yaani njia za kuongea na RAM. Ukijaza sloti nne, kila chaneli inabeba RAM mbili, mzigo unazidi. AMD wenyewe wanaahidi kasi ya DDR5-5200 kwa RAM mbili. Kwa nne, DDR5-3600. Zile zetu tulishazipandisha hadi 6000 kwa EXPO, mpangilio wa AMD wa kuikimbiza RAM kuliko kawaida, na bios, programu inayoiwasha mashine, ikataka kuzikimbiza zote nne mwendo huo huo. Zigome vipi zisigome?

Ndiyo maana tunakuuliza mapema mashine ni ya kazi gani. Kama ni video, chukua RAM mbili za gigabaiti 32 tangu siku ya kwanza. Ghali, najua, na bei ya RAM hatupangi sisi. Ile hela ya ufundi mnayotuomba tuifute ndiyo inayolipia usiku mzima wa kuipima mashine kabla haijatoka dukani.

Yule bwana alimrudia muuzaji wake, akaambiwa kilichofunguliwa hakirudishwi. RAM zake ziko kwenye droo yetu, anazitafutia mnunuzi.