Kabla hujashika bisibisi

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linalotutoa roho.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unataka uchomoe diski ya kompyuta ya zamani ya dukani, uichomeke kwenye mpya, na kila kitu kiamke palepale kilipolala. Nami mwaka jana nilitaka hivyohivyo, kwa sababu ya ile programu yangu ya hesabu ambayo sidii yake ilishapotea. Ingekuwa picha na nyaraka tu ningezitia kwenye fleshi nikalala zangu.

Diski yangu ilishaanza kugonga, tik, tik, kama saa ya ukutani, kwa hiyo niliiogopa. Nikanunua SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, kubwa kidogo kuliko ile, nikainakili yote kwa Clonezilla, programu ya bure. Nilianza baada ya Isha; inamaliza, adhana ya Alfajiri inaita. Ya zamani nikaifungia kabatini.

Nikaifunga nakala kwenye mashine mpya, nikawasha. Haioni kitu! Kumbe ya zamani ilikuwa ikiwaka kwa BIOS, njia ya kale ya kuwashia kompyuta, diski yake imegawanywa kwa MBR, mgawanyo wa kale, na hii mpya inataka UEFI na GPT, yaani njia na mgawanyo wa kisasa. Nikawasha kwa fleshi ya kusakinishia Windows, nikabonyeza Shift na F10, kikaja kidirisha cheusi, nikaandika mbr2gpt /convert /disk:0, amri ya kugeuza MBR iwe GPT. Enter niliibonyeza nimefumba macho, shoga. Nilipowasha tena ikakaa inaandaa vifaa, ikazunguka weee, mara naiona ile picha yetu ya Pangani imejaa kwenye skrini. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Kesho yake Windows ikaanza kudai leseni. Ile iliyokuja na kompyuta ya zamani imefungwa kwenye ubao mama wake, haihami. Nikatoa hela nyingine. Na kama yako ni Windows 10, ujue Microsoft walishaacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo unahamisha mzee.

Sasa nijibu: humo ndani kuna kitu gani usichoweza kukisakinisha upya? Kama hakuna, weka Windows 11 safi, uhamishe mafaili, basi. Mimi mwenyewe nisingerudia ile shughuli kwa ajili ya uvivu wa kusakinisha.

Kama kipo, angalia kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Ikiwa imefungwa, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 leo, mashine ya zamani ingali inawaka, uuandike kwenye daftari la madeni ambalo halipotei kamwe. Mashine mpya itakudai, na bila huo hufungui hata risiti moja.

Jumamosi naja na waya wa kuunganishia diski kwa USB. Usifungue kava kabla sijafika, na visheti viwepo.

Wako wa siku zote.