Barua kwa Zuhura: kuhusu Mfalme Æthelred

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Barua yako niliipata, na tangu siku hiyo nabishana nawe kimoyomoyo kwa ile kauli yako kwamba Æthelred wa Uingereza hakuwa na jema hata moja. Sikubali, ingawa mwishowe nami simtetei.

Kumbuka alivyoingia. Mwaka 978 kaka yake wa kwa baba, Mfalme Edward, aliuawa huko Corfe, naye akashika nafasi yake angali mtoto. Damu ile hakuna aliyeilipia. Ndiyo zigo alilokabidhiwa pamoja na taji.

Sasa tazama sarafu zake. Ni za fedha, nyembamba, upande mmoja sura ya mfalme, upande wa pili jina la fundi aliyeigonga na mji wake. Kila baada ya miaka kadhaa zile za zamani zilirudishwa, mpya zikatolewa, katika miji mingi ya ufalme. Ikitokea mbovu, fundi wake anajulikana kwa jina. Nchi isiyo na utaratibu haiwezi jambo hilo.

Na utaratibu huohuo ndio uliomponza. Mwaka 991, baada ya kushindwa katika mapigano ya Maldon, Waingereza waliwalipa Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Denmark na nchi jirani za Skandinavia, pauni 10,000 za fedha waondoke. Mwonja asali haonji mara moja: mwaka 994 zikawa 16,000, mwaka 1002 zikawa 24,000, na mwaka 1012 zikafika 48,000. Mfalme dhaifu angekusanya wapi mali hiyo? Yeye aliweza kulipa, basi akalipa. Ndiyo maana sarafu zake zimechimbuliwa Skandinavia kwa wingi kuliko Uingereza kwenyewe.

Kuhusu tarehe 13 Novemba 1002 sina huruma naye. Aliamuru Wadenmaki wote waliokuwa nchini wauawe. Wale wa Oxford walikimbilia kanisa la Mtakatifu Frideswide, wakavunja milango wakaingia kujificha. Waliowafukuza wakalichoma moto. Miaka miwili baadaye mfalme alitoa hati ya kulijenga upya kanisa, na humo watu wale wanafananishwa na magugu yaliyoota katikati ya ngano. Hakuna neno la majuto. Hati yake mwenyewe, Zuhura, si maneno ya adui zake!

Lakini kilichomwangusha, kwa maoni yangu, ni watu aliowaweka karibu. Mwaka 1013 Sweyn, mfalme wa Denmark, aliitwaa nchi, Æthelred akakimbilia Normandy. Mwaka uliofuata Sweyn akafa, na wakuu wa Uingereza wakampelekea mfalme wao ujumbe: hatuna bwana tumpendaye kuliko wewe, mradi ututawale kwa haki kuliko ulivyofanya mwanzo. Akaahidi, akarudi. Ni bahati gani hiyo kwa mtawala aliyeshindwa!

Aliitumiaje? Mwaka 1015, kwenye mkutano mkuu wa Oxford, kipenzi chake Eadric aliwavuta wakuu wawili, Sigeferth na Morcar, hadi chumbani kwake, wakauawa humo. Mfalme hakumgusa Eadric. Alichukua mali za marehemu, akaagiza mjane wa Sigeferth akamatwe. Mwanawe mwenyewe, Edmund, alimwoa mjane yule bila ridhaa ya baba na kuyatwaa mashamba yale, huku Cnut, mwana wa Sweyn, akiwa amekwisha kurejea na jeshi.

Niandikie unavyoona.

Rafiki yako,
Neema