Mgonjwa mtu mzima naye apimwe uzito

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi mama lishe tunaliona mapema kuliko madaktari.

Meza yangu ipo nje ya geti la hospitali moja huku Nyanda za Juu Kusini. Wanaonunua kwangu asubuhi ni ndugu wa wagonjwa, kila mmoja na hotpoti yake. Akianza na wali maharage, akahamia kwenye uji, kisha ikawa "mama niwekee supu nusu tu, hata hivyo hamalizi", najua huko wodini mtu anakwisha. Ukimuuliza ndugu mgonjwa alikuwa na kilo ngapi alipolazwa, hajui. Hakupimwa, au alipimwa hawakuambiwa.

Mtoto akienda kliniki anapimwa uzito, anazungushiwa ule utepe mkononi, na ukisoma chini ya sentimita 11.5, kwenye nyekundu, kila mtu anashtuka. Mgonjwa wa kifua kikuu naye hupandishwa kwenye mizani kwa sababu dozi inakwenda na kilo zake. Lakini mzee aliyevunjika nyonga, au mama mwenye kidonda cha kisukari, anaweza kulala wiki tatu mpaka suruali au sketi inafungwa kwa kamba, na hakuna anayeuliza anakula nini. Nyama ninayonunua buchani inapimwa kwenye mizani ambayo Wakala wa Vipimo lazima waihakiki. Atakayelishwa supu yake hapimwi.

Na kuhusu hiyo supu, nitasema ingawa naharibu biashara yangu. Ndugu wanaitaka nyepesi, mafuta yatolewe, nyama ibaki kwangu kwa sababu "atatafunaje". Mgonjwa anapelekewa maji yenye chumvi. Uji mweupe wa sembe ni hivyo hivyo, unajaza tumbo tu. Kidonda kinataka protini ili kifunge, ndiyo maana mimi uji wa mgonjwa naupikia maziwa na karanga za kusaga, na nyama naiponda nairudisha kwenye supu. Hata hivyo sijui wa kitanda kipi ana ugonjwa wa figo na anatakiwa kupunguziwa nini. Sijui pia nani amekaa siku nyingi bila kula, maana huyo ukimshindilia chakula kingi kwa mara moja madini kwenye damu yanaweza kushuka ghafla hadi moyo ukashindwa. Maneno haya yalitakiwa yasemwe na afisa lishe kitandani, si na mimi juu ya sufuria.

Kuna na hili la kufunga kabla ya upasuaji. Jioni moja alikuja binti anayemuuguza kaka yake, sufuria zimeshaoshwa. "Mama, hakuna hata uji uliobaki? Wamesema tena kesho." Kaka yake alizuiwa kula tangu usiku wa jana yake, na juzi ilikuwa vivyo hivyo. Silaumu dharura kupewa nafasi ya kwanza, ajali ya bodaboda haina ratiba. Lakini taratibu za dawa ya usingizi, kwa mgonjwa asiye na tatizo la tumbo, ni kuacha chakula chepesi saa sita kabla na maji matupu saa mbili kabla. Ikijulikana saa nne asubuhi kwamba zamu yake haitafika, kwa nini aambiwe jioni?

Binti yangu anasomea lishe SUA, chuo kikuu cha kilimo kilichopo Morogoro. Amenieleza kuwa mwaka 1994 watafiti wa Dundee, Scotland, walichapisha matokeo ya wagonjwa 500 waliopimwa walipolazwa: 200 walikuwa na lishe duni. Kati ya hao 200, walioandikwa chochote kuhusu lishe kwenye faili hawakufika nusu, na wengi wa waliopimwa tena wakati wa kutoka walikuwa wamepungua zaidi. Huko hospitali inapika yenyewe. Kwetu anayepika ni shangazi aliyetoka kijijini, na fedha ikimwishia siku ya tano, mgonjwa naye kaishiwa.

Naomba waganga wafawidhi waanze na mizani. Kila anayelazwa apimwe, aulizwe kama amepungua bila kutaka na kama anakula kidogo kwa kukosa hamu, majibu yaandikwe kwenye faili. Arudiwe kila wiki. Akiruhusiwa, kilo zake ziandikwe kwenye karatasi anayokwenda nayo zahanati ya kijijini kwao, ili huko wajue kama anapanda au anashuka. Asiye na ndugu, ustawi wa jamii wajulishwe siku hiyo hiyo.

Na walinzi wa geti waelezwe kuwa anayekwenda kumlisha aliyepooza si mtembeleaji. Kijiko kwa kijiko, bakuli moja la uji linachukua karibu saa nzima, na muda wa kuona wagonjwa mchana hautoshi hata kumkalisha vizuri.

Mama lishe,
Nyanda za Juu Kusini