Na mkondo hufuata nini?

Mwanangu,

Juzi nilipokutajia ule msemo wa maji hufuata mkondo, uliniuliza papo hapo: "Na mkondo wenyewe hufuata nini?" Nikacheka, nikakwepa. Sasa jibu ninalo, na linaonekana vizuri zaidi katika bahari za ncha za dunia.

Bara haliishii ufukweni. Huendelea chini ya maji kama baraza pana, kisha huporomoka hadi vilindini. Mkondo huambaa na mteremko huo bila kuupanda wala kuushuka.

Chanzo ni mzunguko wa dunia. Wazia maji ni nguzo iliyosimama kutoka sakafu ya bahari hadi juu. Nguzo hiyo ikipanda mteremko itafupishwa, na ikifupishwa lazima namna inavyojizungusha ibadilike. Wepesi kwake ni kubaki penye kina kilekile. Mwaka 1923 mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor aliyaonyesha haya kwa chombo cha maji kilichokuwa kikizunguka. Alisogeza polepole kitu kifupi kwenye sakafu yake, na hata maji ya juu, ambayo kitu hicho hakikuyafikia, yakapita kando kana kwamba kuna mnara. Mimi jambo hili halijaacha kunishangaza.

Karibu na ncha, tena, maji ya juu na ya chini hayapishani sana kwa uzito, ndiyo maana hata ya juu huhisi umbo la sakafu.

Kaskazini, mvumbuzi wa Norwe Fridtjof Nansen aliiacha meli yake Fram ishikwe na barafu kati ya 1893 na 1896. Chini ya maji ya baridi kali alikuta maji yaliyozidi nyuzi sifuri. Yalitoka Atlantiki. Huingia kati ya Greenland na Svalbard, kisha huizunguka Aktiki yakiwa yameuweka mteremko mkono wa kulia.

Kusini ndiko kunakoninyima usingizi. Kandokando ya Antaktika pepo huvuma kuelekea magharibi, na mzunguko wa dunia huyapinda maji ya juu kushoto, yaani pwani. Yanarundikana huko. Yakitaka kurudi baharini yanapindwa kushoto tena, na hivyo mkondo unakwenda magharibi ukiambaa na mteremko. Rundo hilo la maji baridi hukandamiza maji ya uvuguvugu ya vilindini, yasipande barazani. Ni ua, mwanangu, uliojengwa kwa upepo na maji matupu.

Ila haukuzunguka pote. Katika Bahari ya Amundsen, upande wa Antaktika Magharibi, ua ni dhaifu, na baraza lina mabonde yaliyochimbwa na barafu ya zamani. Maji ya nyuzi moja hivi hupenya humo hadi chini ya mito mikubwa ya barafu ya Pine Island na Thwaites. Kwetu nyuzi moja ni baridi ya kutetemesha, lakini kwa barafu iliyozama kilindini ni joto la kuiyeyusha kutoka chini.

Tafuta ramani ya kina cha bahari yenye Antaktika katikati. Weka kidole kwenye mstari wa mita 1,000, Bahari ya Ross, uelekee magharibi. Pita Antaktika Mashariki yote, ingia Bahari ya Weddell, toka nayo hadi ncha ya Peninsula ya Antaktika. Ukiizunguka ncha hiyo, mstari utaendelea na kidole chako pia, lakini mkondo ule hutakuwa nao tena.

Akupendaye,
Baba